Shangazi, masta nimeikosa mara mbili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Uru, Moshi. Nilihitimu shahada ya kwanza ya kilimo mwaka 2021 kwa GPA ya 3.3. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikisambaza bahasha za maombi ya kazi, kisha nikapata kibarua kwenye chama cha msingi cha ushirika cha kahawa hapa kijijini. Kibarua kikageuka ajira, na sasa nimepitisha miaka mitatu. Kwenye karatasi mimi ni karani wa mizani. Ukweli ni kwamba msimu ukiwepo napima kahawa, msimu ukiisha nazunguka kwenye vihamba, yaani mashamba ya kahawa na migomba ya wanachama, kuwakumbusha kupogoa na kupiga dawa.

Nataka kusoma masta. Mwaka wa kwanza niliomba kozi tatu: lishe ya jamii, mazingira na utawala wa biashara. Sitakuficha, nilizichagua kwa sababu dirisha lake lilikuwa bado halijafungwa. Wawili hawakujibu, mmoja akasema ushindani ulikuwa mkubwa. Mwaka uliofuata nikajaza fomu za ufadhili mmoja wa nje. Tangazo lilisema mwisho ni 12:00. Mimi nikasoma saa kumi na mbili. Nilifika kwenye kompyuta za mjini saa kumi jioni nikiwa na muda wa kutosha, kumbe ukurasa ulishafungwa. Hilo sijamwambia mtu nyumbani.

Sasa najiandaa kwa mara ya tatu na nimekwama mahali pengi. GPA yangu ni ndogo. Mwaka wa pili nilipata D ya takwimu, nikafanya sapu nikatoka na C. Kipindi kile mama alikuwa amelazwa na mimi ndiye niliyekuwa nalala naye wodini. Je, niyaseme hayo au ninyamaze? Kuhusu wadhamini, mjomba anasema ataniombea barua kwa mheshimiwa mmoja anayefahamika, eti jina lake litafungua milango. Kuna kaka mmoja Arusha naye anaandikia watu maombi kwa laki nne na anasema "uhakika asilimia mia". Baba kwa upande wake anauliza digrii ya kwanza imenisaidia nini hadi nitake ya pili.

Nimekuwekea mwanzo wa barua yangu ya maelezo binafsi, nimeigeuza kwa Kiswahili:

"Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na ndoto ya kuwa mwanasayansi na kuisaidia jamii yangu. Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Mimi ni mchapakazi, mwenye nidhamu na ninayejituma, na ninaamini chuo chenu chenye hadhi ya kimataifa kitanijengea uwezo wa kutimiza ndoto zangu."

Nisaidie Shangazi, nirekebishe wapi?

Karani wa Mizani, Moshi

N.B. Hili si la maombi, nakuuliza tu kama mtu mzima. Nina daftari ambalo kwa misimu mitatu nimekuwa nikiandika vihamba 41 ninavyopita: wamepiga dawa lini, mvua ilinyesha lini, chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, imekula kiasi gani. Bosi anasema napoteza muda. Niendelee nalo au niache?

*

Marahaba, binti yangu.

Hilo daftari ndilo maombi yako. Uliyoyaandika juu yake ni kama kanga iliyofungia mzigo. Nimeifungua nikaukuta mzigo umewekwa chini ya jina lako, tena ukiuombea radhi.

Nilifundisha chuo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Arusha, na kwa vipindi kadhaa nilikaa kwenye meza ya kuchuja waombaji. Nikueleze ilivyo, maana watu hudhani pale kuna mizani ya siri. Unaletewa rundo la mafaili. Chai imepoa. Kila faili linaanza na mtoto mdogo aliyekuwa na ndoto. Hiyo "kilimo ni uti wa mgongo" nimeisoma hadi wangu mwenyewe ukaanza kuniuma. Si kwamba ni uongo. Shida ni kwamba sentensi hiyo angeweza kuiandika yeyote kati ya waombaji wote, na sisi mezani tulikuwa tunatafuta kitu ambacho mwenzako hawezi kukiandika. Rudia kifungu chako, ufute jina lako, uweke la jirani. Kuna kitu kitabadilika? "Mchapakazi, mwenye nidhamu, ninayejituma": hayo ni maneno ya mtu mwingine kukusemea. Ukijisemea mwenyewe yanakuwa kama muuza nyanya anayeapa kwamba zake ni tamu.

Hebu tuanze upya. Namba za kifungu hiki ni za kubuni, wewe utaweka za daftari lako:

"Ninapita kwenye vihamba 41 vya kahawa huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Msimu uliopita wakulima 17 kati yao walipiga dawa ya chulebuni mara tatu au zaidi, lakini sita bado walipoteza karibu nusu ya matunda mabichi. Nilidhani wameuziwa dawa feki, mpaka nikagundua wote 17 walinunua duka moja. Niliporudi kwenye daftari langu nikaona kwamba wale sita walianza kupiga baada ya masika kushika, wenzao kabla. Vihamba vinne kati ya sita vina migomba mizito kuliko vingine. Sijui kama tatizo ni tarehe au ni kivuli, na sina ujuzi wa takwimu wa kuvitenganisha. Hilo ndilo linalonileta kwenu."

Umeona? Hakuna ndoto pale, hakuna taifa wala hadhi ya kimataifa. Kuna mtu aliyesimama chini ya mgomba akiwa na kalamu. Anasema alichokiona, anakiri alikosea wapi, anataja asichokijua. Mtu anayejua anachokikosa ndiye anayefundishika, na mwalimu yeyote akisoma pale atataka kujua jibu naye.

Ila uwe mwangalifu kidogo. Kwamba chulebuni inapenda baridi na unyevu, na kwamba huwatesa zaidi wakulima wa juu mlimani, wataalamu wanalijua tangu zamani. Ukiliandika kama ugunduzi wako watatabasamu na kufungua faili linalofuata. Vivyo hivyo kwa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani: ipo, na imetolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo makao yake ni Lyamungu, humohumo Kilimanjaro, daladala tu kutoka kwako. Nenda kabla hujaandika neno lingine. Uliza wana taarifa gani kuhusu muda wa kupiga dawa na kuhusu kivuli, usome, kisha uone swali lako linabaki na kipande gani ambacho hakijajibiwa. Kipande hicho hata kikiwa kidogo kama kucha kinatosha masta. Mtu anayetaka kutokomeza umaskini Afrika kwa miaka miwili huwa tunamwogopa.

Hapo ndipo unapochagua kozi. Mwaka ule ulianza na dirisha lililo wazi, ukatafuta sababu ya kuingia. Lishe, mazingira, biashara: aliyesoma faili lako aliona mtu anayekimbia mvua. Sasa anza na swali. Likibaki kwenye ugonjwa, dawa na kivuli, hiyo ni sayansi ya mimea, na Sokoine pale Morogoro ndiyo nyumba yake. Kuna pia Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru, ambayo haina wanafunzi wa shahada ya kwanza kabisa. Tangu ianze kupokea wanafunzi mwaka 2011 ni masta na udaktari wa falsafa tu. Daftari lako likikuonyesha kwamba swali gumu zaidi ni kwa nini wakulima wanang'ang'ania mibuni ya babu zao wakati miche mipya ipo, basi umeshahama kwenye mimea umeingia kwa watu, mikopo na vyama. Kwa hilo usiende mbali: Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapohapo mjini kwenu, na kazi ya ushirika wanaifundisha tangu mwaka 1963, zamani sana kabla hakijawa chuo kikuu kamili. Mimi binafsi ningebaki na kivuli na tarehe, kwa sababu ndicho ulichokipima. Ila uamuzi ni wako.

Ukishapata kozi, tafuta ndani yake mwalimu mmoja au wawili wanaofanya kazi inayokaribiana na yako. Soma walau andiko moja la kila mmoja. Kisha mwandikie barua pepe fupi ya aya mbili: wewe ni nani, umeona nini, swali lako ni lipi, na kama ana nafasi ya kusimamia. Usianze na "Naomba unisaidie skolashipu". Asipojibu, ngoja wiki mbili umkumbushe mara moja, kisha umwache. Walimu hatujibu barua, na hilo ni kosa letu. Lakini anayejibu, hata kwa mstari mmoja, amekupa jina la kuandika kwenye fomu yako.

Sasa GPA. Kwa ngazi zetu 3.5 ndipo daraja la pili la juu linapoanzia, kwa hiyo wewe umebaki la chini kwa pointi 0.2 tu. Kwa vyuo vya hapa nyumbani mlango wa masta kwa kawaida huanzia 2.7, kwa hiyo umeshaingia ndani, acha kujilaumu ukiwa kizingitini. Nje ni hadithi nyingine, na sitakudanganya. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida inatarajia kiwango cha daraja la pili la juu na walau saa 2,800 za kazi. Kazi unayo, daraja linapungua. Jaribu kama una nguvu, lakini usiiwekee moyo wote. DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, ina kozi zake za watu wa nchi zinazoendelea; wao wanataka miaka miwili ya kazi baada ya digrii, na digrii yenyewe kwa kawaida isiwe imezidi miaka sita. Hesabu kuanzia 2021 uone umebakiwa na muda gani. Nao pia hupenda matokeo mazuri, lakini miaka yako mitatu vijijini ndiyo hasa wanayoitafuta, na fomu hupelekwa kwenye chuo chenye kozi, kila kimoja na tarehe yake.

Ile D iseme, kwa sentensi mbili. "Mwaka wa pili nilikuwa nikimuuguza mama hospitalini na nilifeli takwimu, nikairudia na kufaulu. Tangu hapo nimejifunza kuchambua takwimu mwenyewe kwa kutumia data za vihamba ninavyovitembelea." Mwisho. Usiwalilie. Nimesoma barua zilizojaa misiba hadi nikashindwa kujua mwombaji anataka kusoma nini, na huruma haina safu kwenye karatasi ya alama. Lakini angalia, sentensi ya pili lazima iwe kweli. Kwa hiyo kuanzia wiki hii ingiza daftari lote kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila kihamba kwa kila msimu. Kisha jifunze R, programu ya kuchambua takwimu, ambayo ni ya bure na masomo yake yamejaa intaneti. Ukifika mahali unaweza kuchora grafu moja inayosomeka, D ile itakuwa imejibiwa bila wewe kubishana nayo.

Nikija kwa wadhamini nitakaa kidogo, maana hapa mimi mwenyewe nina dhambi. Kijana mmoja aliniomba barua ya mapendekezo siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Nilimfundisha darasa la watu zaidi ya mia na nusu. Nilimkumbuka uso, na kwamba alikuwa anakaa karibu na dirisha, basi. Nikaandika nilichoweza: mwanafunzi mwenye bidii, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake. Hakupata. Miaka baadaye tulikutana stendi akaniambia kwamba mwaka ule alikuwa amemaliza mradi kuhusu mabuu ya funza wa vitumba aliowafuga chumbani kwake hosteli. Chumbani! Ningeliandika hilo tu, wangemtafuta. Sikujua kwa sababu hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo mheshimiwa wa mjomba mwambie asante, tena kwa heshima zote, mjomba asije akanuna. Jina kubwa lisilokujua linaandika barua ndogo. Mdhamini wa kwanza awe mwalimu aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho. Wa pili ni meneja au katibu wa chama chenu, hata kama Kiingereza chake si cha kupendeza, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuandika kwamba wewe hushinda vihambani wakati mwajiri alikuajiri kukaa kwenye mizani. Naam, hata huyohuyo bosi anayesema unapoteza muda. Mwonyeshe grafu kwanza.

Waombe wiki sita kabla. Mpe kila mmoja ukurasa mmoja wenye jina la kozi, tarehe ya mwisho, alama uliyopata kwake, kichwa cha mradi wako, na mambo mawili au matatu mahususi unayotamani ayakumbuke. Sio kumwandikia barua, ni kumkumbusha. Mwombe atumie barua pepe ya kazini, kwani mifumo mingi huitilia shaka anwani ya kawaida ya mtandaoni. Siku kumi kabla, mpigie simu. Usitume ujumbe, piga. Wazee wa vyuo tunaheshimu anayepiga simu.

Kaka wa laki nne simtolei maneno mengi. Fomu za Chevening na za DAAD hazilipiwi, na anayekuahidi asilimia mia hana hata asilimia moja ya kura kwenye meza ile. Zaidi ya hapo, ukiitwa kwenye usaili utaulizwa kuhusu insha uliyopeleka, na yeye hatakuwepo kukujibia.

Karatasi zifanyie kazi mapema zikupe usingizi. Angalia jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo na pasipoti. Kama mahali pamoja wewe ni Maria na pengine ni Mary, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo sasa, si usiku wa mwisho. Transkripti ipeleke steshenari iskaniwe kwenye mashine, iwe PDF moja yenye jina lako. Niliwahi kufungua kiambatanisho kilichopigwa picha kwa simu, cheti kimelazwa juu ya kitambaa cha meza, na pembeni kipande cha chapati. Tulicheka, ndiyo, lakini faili lile halikusomeka vizuri hata baada ya kicheko. Kwa Kiingereza, cheti cha IELTS hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usikimbilie kulipia mtihani. Uliza kwanza kila chuo kama kinakubali barua ya chuo chako cha zamani inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vingi hukubali, na barua hiyo inaombwa ofisi ya msajili.

Na saa! Pole, mwanangu. Ukikuta 12:00 kwenye tangazo la kigeni, hiyo ni saa sita mchana wa kwao, si kumi na mbili yetu. Ikiwa imeandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kwetu ni saa tisa alasiri, maana sisi tuko mbele kwa saa tatu. Andika tarehe zote kwa saa zetu kwenye karatasi ubandike ukutani, kisha jiwekee tarehe yako ya mwisho siku tano kabla ya ile yao. Nyumbani unaweza kuwaambia sasa. Itawachekesha mwaka mmoja, itaisha.

Kwa baba sina hoja ya kubishana naye, kwa sababu swali lake ni zuri: digrii ya kwanza imekusaidia nini? Jioni moja kaa naye barazani umsomee kihamba chake kutoka kwenye daftari, misimu yote mitatu, tarehe alizopiga dawa na alichovuna. Usimwombe ruhusa ya chochote, soma tu. Kama yeye si mwanachama, msomee cha jirani bila kumtaja jina. Majina hayo 41 hayatoki nje ya chama, hata kwenye maombi yako utatumia namba, na mwenyekiti umwombe kibali cha maandishi kabla hujatumia chochote.

Umeuliza uendelee au uache. Endelea. Ila kwanza, leo hii, piga picha kila ukurasa wa hilo daftari uzihifadhi mahali pawili, maana najua mvua za Uru na najua mabegi ya makarani wa mizani.

Shangazi, Arusha